Mwanasesere Asiyekamilika

Mwenzangu wa chumba, katika hosteli tunayokaa Kikoni, ana mwanasesere mwenye urefu wa kalamu. Alitumiwa na dada yake anayefanya kazi Dubai, ambaye naye alimnunua kwa mtu aliyekuwa akipunguza mkusanyo wake. Ametengenezwa Korea Kusini, ana sentimita 16 kutoka utosini hadi unyayoni, na wa aina yake akiwa mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 200, yaani shilingi laki saba na zaidi za Uganda. Niliposikia bei hiyo sikucheka kama wenzangu. Ssenga wangu, yaani dada yake baba, hutengeneza wanasesere wa byayi, yale maganda makavu ya shina la mgomba, nyumbani kwake karibu na Masaka. Muuzaji mmoja wa mjini humlipa shilingi elfu nne kwa kila mmoja. Hesabu ni rahisi: mwanasesere mmoja wa Korea ni sawa na wanasesere 175 wa Ssenga.

Insha hii imetokana na hesabu hiyo. Sina nia ya kulalamika kwamba vitu vya nje ni ghali na vyetu ni rahisi, kwani malalamiko hayo tumeyasikia sana na hayajamwongezea Ssenga hata shilingi mia. Ninachotaka kujua ni hiki: kwa nini baadhi ya wanasesere wadogo hupendwa na wakusanyaji hadi wakapewa majina, wakashonewa nguo, wakapigwa picha na kutunzwa kwa miaka, ilhali wengine, wadogo vilevile na wenye ustadi vilevile, hununuliwa mara moja na kusahauliwa juu ya kabati? Nitalijibu swali hili kwa zana tulizofundishwa darasani, yaani fani na maudhui, pamoja na nadharia moja ya upokezi. Kama tunaweza kuandika tasnifu nzima juu ya majina ya khanga, sioni kwa nini mwanasesere asihakikiwe.

Nianze na fani, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kumshika mwanasesere wa namna hii. Anaitwa mwanasesere wa viungo vya gololi. Kila kiungo chake, yaani bega, kiwiko, kiganja, nyonga, goti na kifundo cha mguu, kina tufe linalokaa ndani ya kikombe, kama nyonga ya binadamu. Mwili wake ni wa resini, umegawanyika vipande vipande, na kila kipande kiko wazi ndani kama bomba. Katika uwazi huo umepitishwa uzi wa lastiki unaovutwa kutoka kichwani hadi miguuni. Kinachomfanya asimame ni mvutano wa lastiki hiyo tu. Ukimkunja mkono, unabaki ulipouacha. Ukimwinamisha kichwa, anabaki ameinama, na hapo chumba kizima kinamwona ana huzuni, ingawa uso wake haujabadilika hata kidogo.

Aina hii ya wanasesere haina umri mkubwa sana kama bidhaa. Viungo vya tufe vyenyewe ni vya zamani huko Ulaya na Japani, lakini mtindo wa sasa ulianza mwaka 1999, kampuni ya Volks ya Japani ilipotoa wanasesere wake wa Super Dollfie, wakubwa wa karibu sentimita 60. Kampuni za Korea Kusini zilifuata miaka michache baadaye, na baadhi yao zikajitahidi kuwapunguza. Latidoll ilitoa aina iitwayo Lati Yellow, na Fairyland ikatoa PukiFee, wote wa takriban sentimita 16. Wapo pia wadogo zaidi, wanaotosha kukaa ndani ya kikombe cha chai. Wakusanyaji wengi waliokuwa na wale wakubwa waligeukia hawa wadogo, na wengine wameanzia kwao moja kwa moja.

Jibu la kwanza ambalo mtu angelitoa ni udogo wenyewe. Katika sarufi tumefundishwa kwamba nomino ikipelekwa katika ngeli ya KI-VI huingia katika hali ya udogo: mtoto huwa kitoto, mlango huwa kilango. Tumefundishwa pia kwamba udogo huo una nyuso mbili, kwani waweza kuonyesha mapenzi na waweza kuonyesha dharau. Kiganda hufanya vivyo hivyo kwa kiambishi ka-: omwana huwa akaana, na ni lazima uisikilize sauti ya msemaji ndipo ujue kama anabembeleza au anabeza. Siku mwenzangu alipomtoa mwanasesere wake kwenye kisanduku, tulikuwa wasichana wanne chumbani, na wote tulisema "akaana!" kwa pamoja. Wawili walikuwa wakibembeleza, wawili wakibeza. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wa pili.

Udogo una nguvu, sikatai. Mwaka 1943 mwanasayansi Konrad Lorenz, mzaliwa wa Austria, aliandika kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa, mashavu ya mviringo na viungo vifupi huamsha ndani ya mtu mzima hamu ya kulea. Mwanasesere wa mwenzangu anazo sifa hizo zote. Kichwa chake ni kikubwa kuliko inavyostahili mwili, na macho yake yanakaribia katikati ya uso, kama ya mtoto mchanga. Lakini maelezo haya yanaeleza mambo mengi kupita kiasi. Duka lolote la vitu vya watoto pale Kikuubo limejaa wanasesere wa plastiki wenye vichwa vikubwa na mashavu ya mviringo, nao hakuna anayewakusanya. Udogo na utoto vinaeleza kwa nini tunasimama kutazama. Havielezi kwa nini mtu anabaki na mwanasesere mmoja kwa miaka saba.

Hapa ndipo ninapoona kwamba nadharia ya upokezi inatusaidia. Wolfgang Iser, Mjerumani aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alisema kwamba matini ya kifasihi ina mapengo, na kwamba ni msomaji anayeyajaza. Maana haikai ndani ya kitabu ikimsubiri mtu aje kuichukua. Inatokea pale msomaji anapofanya kazi ambayo mwandishi ameiacha makusudi. Matini iliyoeleza kila kitu humwacha msomaji bila kazi, naye husinzia. Sasa mtazame mwanasesere wa resini jinsi anavyouzwa. Mara nyingi hufika hana nywele, hana nguo, na macho hununuliwa kando. Aghalabu hufika hata bila uso kupakwa rangi: midomo imechongwa lakini haina wekundu, na nyusi hazipo kabisa. Kichwa hufunguka kwa nyuma ili mwenyewe aweke macho ya kioo kwa ndani na kuyaelekeza anakotaka. Rangi ya uso hupakwa kwa mkono, kisha hupuliziwa dawa ya kuikinga, na mwenyewe akiichoka huifuta na kuanza upya. Mwenzangu ameshambadilisha wigi mara tatu tangu muhula uanze. Ametoa kipande cha gomesi ya zamani ya mama yake akamshonea vazi lenye mabega yaliyosimama, na kazi hiyo ilimchukua wikendi mbili.

Kumbe anachonunua mkusanyaji kwa dola 200 ni mapengo. Hasa uso wake ni pengo. Wachongaji hodari wa wanasesere hawa huwapa uso usiosema kitu: hawacheki, hawalii, wanakaribia kufanya jambo fulani. Mwanasesere anayecheka amekwisha kuamua, na kila utakapomtazama, hata siku ya msiba, atakuchekea. Asiyeamua hukuachia wewe. Na ule uzi wa lastiki ndio unaoukamilisha ukimya huo, kwa kuwa kila mkao mpya wa shingo na mikono ni sentensi mpya ambayo mwenyewe ameitunga.

Ningeishia hapo kama nisingekumbuka jambo tulilojifunza mwaka wa pili katika fasihi simulizi, tulipofika kwenye jando na unyago. Mhadhiri wetu alituonyesha picha ya mwana hiti wa Wazaramo wa pwani ya Tanzania, na mimi niliipita kama tunavyopita picha nyingi za darasani. Nilipoirudia maktabani kwa ajili ya insha hii niliitazama kwa muda mrefu zaidi. Mwana hiti, yaani mtoto wa mti, ni umbo dogo la kuchongwa, mara nyingi lenye kimo cha kushikika kwa kiganja kimoja. Mwili wake ni kipande cha mti cha mviringo. Juu yake pana kichwa chenye mashungi mawili ya nywele, kifuani pana matiti madogo, na kitovu kimeonyeshwa. Hana mikono wala miguu. Uso wake ama haupo kabisa ama umedokezwa kwa nukta tu.

Msichana wa Kizaramo aliyevunja ungo alipowekwa ndani alipewa mwana hiti. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyekaa na Wazaramo miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1970, ni mmoja wa walioeleza desturi hii kwa kina. Mwali alimlea kama mtoto: alimwogesha, alimpaka mafuta, alimtengeneza nywele na kulala naye. Kumtunza vizuri kulikuwa dalili kwamba atazaa na atalea, kumtupa kulihofiwa. Kisha mwana hiti alihifadhiwa na kupokezwa kwa mwingine. Umbo hilohilo lilichongwa pia kwenye viti, kwenye fimbo na kwenye nguzo za makaburi, kwa hiyo halikuwa mchezo wa watoto.

Naye mwana hiti amekusanywa sana. Wapo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, wapo katika mikusanyo ya watu binafsi, na mwaka 1990 Marc Felix, mfanyabiashara wa sanaa wa Ubelgiji, alitoa kitabu kizima chenye jina hilo, Mwana Hiti. Kifani, wanasesere hawa wawili ni kinyume kabisa. Wa Korea ana viungo zaidi ya kumi na viwili. Wa Uzaramo hana hata kimoja. Lakini kimaudhui wanafanana kuliko ndugu. Wote wawili wameachwa bila kumalizwa ili mtu mwingine awamalize kwa kuwalea. Mchongaji wa Kizaramo hakusahau mikono. Aliiacha kwa sababu mikono iliyohitajika ni ya mwali.

Kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Resini hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa ikipigwa na jua, na mwanasesere aliyegeuka manjano hushuka bei. Wakusanyaji wake huwafunika, huwaweka mbali na dirisha, na wanapouza hueleza kwa uangalifu kama rangi imebadilika. Mwana hiti ni kinyume. Wakusanyaji wa sanaa ya Kiafrika humtaka yule aliyefanywa mweusi na mafuta na kulainishwa na mikono. Aliyechongwa jana kwa ajili ya watalii, hata akiwa mzuri zaidi, humwona si wa kweli. Alama za matumizi zinamharibia thamani mmoja na kumpandishia mwingine. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba katika hali zote mbili kinachothaminiwa ni malezi, ila mlezi si yuleyule. Mwenye mwanasesere wa resini anataka kulea yeye mwenyewe, kwa hiyo anamtaka akiwa hajaguswa. Mwenye kumkusanya mwana hiti hana unyago wa kupitia. Hawezi kumlea, basi ananunua malezi ya msichana mwingine, ambaye jina lake halimo kwenye kibandiko cha makumbusho. Sisemi haya ili kuwalaani wakusanyaji. Nasema tu kwamba ule weusi wanaouita uzuri ulitoka kwenye viganja vya mtu, na mtu huyo hakulipwa chochote.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni uadimu: kampuni nyingi hutengeneza kwa oda, mnunuzi husubiri miezi, na aina nyingine hutolewa kwa idadi ndogo kisha zikasimamishwa. Ni kweli, na uadimu hupandisha bei. Lakini wanasesere wa Ssenga nao ni adimu kwa maana hiyo, kwani hakuna wawili wanaofanana, na katika mwezi mzima hatoi zaidi ya thelathini. Uadimu haumfanyi mtu apende. Unamfanya aliyekwisha kupenda aharakishe.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo inaning'inia kwenye mikoba ya wanafunzi wenzangu. Ni Labubu, yule mwenye masikio ya sungura na meno ya kuchongoka. Alibuniwa mwaka 2015 na mchoraji Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, akauzwa na kampuni ya Pop Mart ya China, na akapata umaarufu mkubwa kuanzia 2024 baada ya mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink kuonekana naye. Hapa mjini wengi tulionao ni wa kuiga. Labubu amekamilika: ana kicheko chake, ana rangi yake, na hahitaji kupakwa chochote. Mbona basi alipendwa hivyo? Naona mambo mawili. Kwanza, pengo lake lilihamishwa kutoka mwilini hadi kwenye kisanduku, kwa kuwa mnunuzi hajui atapata yupi mpaka afungue. Na pengo la namna hiyo hujazwa kwa sekunde moja tu, ndiyo maana inabidi kununua kingine. Pili, mtindo si sawa na kupendwa. Ukitaka kujua ni yupi miongoni mwa Labubu wa hosteli yetu ambaye bado anatunzwa, mtafute aliyevalishwa nguo na mwenyewe.

Sasa nirudi kwa mwanasesere ambaye hesabu yake ilinianzisha. Tulipokuwa wadogo tulitengeneza wanasesere wetu wenyewe. Wakati wa mavuno tulichukua gunzi changa la mahindi lenye nywele zake na kuzisuka. Wakati mwingine tulichambua byayi, tukakunja kimoja kuwa kichwa, tukafunga shingo, tukagawa sehemu ya chini kuwa miguu. Hawakuwa na macho. Tuliwafunga mgongoni kwa kitambaa, na mvua ikinyesha walioza, nasi tukatengeneza wengine. Hakuna aliyewanunua, lakini tuliwajua kwa majina.

Wanasesere ambao Ssenga anawauza leo ni kazi ya hali ya juu. Mwanamke wa byayi amebeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Ana gomesi ya kitambaa cha maua, mkanda, hereni na macho mawili ya shanga. Mwingine anapiga ngoma, na ngoma yenyewe imewambwa kipande cha ngozi. Ukienda kwenye maduka ya sanaa ya Buganda Road, au yale yaliyo nyuma ya Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, utawakuta ndugu zao wamepangwa safu kwa safu. Watalii huwashika, huwasifu, hununua mmoja na kwenda zao. Sijapata kumsikia mtu aliyerudi kununua wa pili ili wa kwanza apate mwenzake. Nao hawana hatia: mwanasesere huyo amekwisha kufanyiwa kila kitu. Mtungi umeshonewa kichwani na hauwezi kutuliwa. Mtoto amefungwa mgongoni na hawezi kunyonyeshwa. Yeye ni sentensi moja, isemayo "mwanamke wa Kiafrika anafanya kazi", na huwezi kumfanya aseme nyingine.

Wakati wa likizo nilimwambia Ssenga maneno haya, kwa Kiganda na kwa adabu zaidi. Alikuwa amerudishiwa wanasesere kumi na wanane na yule muuzaji, eti wageni ni wachache msimu huu, na walikuwa wamelala ndani ya beseni kama samaki. Nilipiga magoti kumsalimu, nikakaa mkekani, na baada ya chai nikamuuliza kwa nini asitengeneze wadogo zaidi, wasio na mtungi, wasio na macho, wenye mikono inayokunjika.

"Bila macho atamtazama nani?" akaniuliza.

Nikamweleza kuhusu mwanasesere wa mwenzangu na bei yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikipeleka mtu asiye na macho, yule wa dukani atasema nimekuwa mvivu, na atanipa elfu mbili."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa na haki. Uhakiki wangu ulikuwa umesahau jambo moja. Mwanasesere wa resini huuzwa akiwa hajakamilika na hakuna anayemwita mchongaji wake mvivu, kwa sababu mchongaji huyo anajulikana. Kampuni ina jina, umbo lina jina, mara nyingi kuna cheti ndani ya kisanduku, na wakusanyaji hugombana vikali juu ya nakala za kuiga kwa kuwa wanaona zinamwibia aliyechonga. Pengo lililoachwa na mtu unayemjua ni mwaliko. Pengo lililoachwa na mtu usiyemjua ni kazi mbovu. Ssenga hana jina katika duka lile. Wanasesere wake wamechanganywa na wa wanawake wengine wanne, wote wakiitwa sanaa ya Uganda. Ili asionekane mvivu inambidi ajaze kila pengo kwa shanga na kitambaa, na kadiri anavyojaza ndivyo mnunuzi anavyokosa cha kufanya. Kwa hiyo tatizo la mwanasesere wa byayi halianzii kwenye byayi wala kwenye mikono inayozikunja. Linaanzia pale ambapo mtengenezaji ameondolewa jina lake.

Naona hapa somo kwetu wanafunzi wa Kiswahili pia. Tunapohakiki kazi ya sanaa tunatafuta maudhui ndani ya kazi, kisha fani, kisha tunafunga daftari. Mara chache tunauliza nani ameachiwa nafasi ndani yake, na nani ameondolewa. Mwana hiti alimwachia mwali nafasi. Mwanasesere wa Korea anamwachia mnunuzi nafasi na kumhifadhia mchongaji jina. Mwanasesere wa duka la watalii hamwachii yeyote chochote, si mnunuzi, si mtengenezaji, na hasa si mtoto, kwa kuwa ameambiwa asimguse.

Ssenga alinitengenezea watatu hata hivyo, labda kwa kunihurumia. Wana urefu wa kidole changu cha kati na kiganja pamoja. Mikono na miguu ameipitishia kamba ya katani mwilini, nao hukunjwa na kubaki walivyokunjwa, ingawa si kwa uthabiti wa lastiki. Hawana macho. Sitadai kwamba nimegundua biashara. Mmoja nilimwonyesha yule muuzaji wa mjini, naye alisema hasa kile Ssenga alichotabiri. Wa pili yuko kwa mdogo wangu, ameshapoteza mguu. Wa tatu nilimpa mwenzangu wa chumba, nikamwambia ametengenezwa na nani na wapi. Siku mbili alikaa kwenye rafu karibu na yule wa resini. Siku ya tatu nilirudi kutoka mhadharani nikakuta amevaa shati lililoshonwa kutokana na mkono wa fulana.

Nilimpigia Ssenga simu nikamweleza kuhusu shati. Kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kuniuliza mwanasesere wake amefika wapi. Wakitoka kwenye beseni wametoka. Safari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wamempa jina gani?"

Nikamwambia bado. Akasema niwaambie wasichelewe.